Kumkata kuku manyoya ya bawa: bawa gani, kiasi gani, na kuku yupi aachwe

Suali: Assalamu alaykum. Nipo Wete, Pemba, na nafuga kuku wa kienyeji tisa: watetea wanane na jimbi mmoja. Ua wangu una ukuta wa matofali unaonifika begani, lakini watetea watatu wanauruka kila siku na kwenda kuparura karafuu za jirani zilizoanikwa juu ya majamvi. Jirani ameshaniambia mara mbili kwa upole, na ya tatu naogopa itafika kwa sheha. Nimeshauriwa niwakate mabawa. Je, wataumia? Nikate bawa moja au yote mawili? Na wataendelea kutaga?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Nianze na neno lenyewe, kwa sababu hili "kukata mabawa" limeshawatia watu makosani. Kinachokatwa ni manyoya ya bawa tu. Nyama, ngozi na mfupa haviguswi hata kidogo, na mtu akikuambia ukate ncha ya bawa pamoja na mfupa wake ili kuku asiruke tena maisha, usimsikilize, kwani huko ni kumkata mnyama kiungo bila ya haja yoyote. Wako wanaouliza pia hukumu ya jambo hili kidini. Hilo nawaachia masheikh wenye elimu yake, na mimi nabaki kwenye kuku.

Mshike mtetea mmoja, umkunjue bawa lake taratibu mpaka linyooke. Kuanzia kwenye ncha utayaona manyoya marefu, magumu na membamba, kwa kawaida 10, kisha utakuta unyoya mmoja mfupi uliokaa kama mpaka, na baada ya hapo yanaanza manyoya mengine mapana na laini zaidi yanayoelekea mwilini. Yale 10 ya mwisho ndiyo yanayousukuma upepo kuku anapojinyanyua, na hayo ndiyo yatakayokatwa. Sasa mwachie alikunje bawa lake mwenyewe, utaona kwamba yale 10 yanaingia chini ya yale mapana na kupotea machoni kabisa, kiasi kwamba kuku aliyekatwa vizuri akisimama uani huwezi kumtofautisha na mwenzake. Yale mapana usiyaguse, maana ndiyo yanayomfunika ubavu, na siku za masika ndiyo yanayoyateremsha maji ya mvua yasimfikie mwilini.

Bawa moja linatosha, tena moja ni bora kuliko mawili. Watu wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, kwani huona kuwa ukikata yote mawili umefanya kazi kamili zaidi. Kuku aliyekatwa pande zote mbili nguvu zake zimepungua lakini mizani yake bado ipo, na kuku wetu wa kienyeji, ambaye ni mwepesi na mwenye miguu yenye nguvu, akipiga mabawa kwa bidii na kujirusha kwa miguu anaweza bado kuufikia ukuta wa kimo cha bega. Aliyekatwa upande mmoja hupotewa na mizani: upande wenye manyoya unanyanyuka, uliokatwa unabaki chini, naye anazunguka na kuteremka palepale alipokuwa. Atajaribu mara mbili au tatu siku ya kwanza, halafu ataacha. Likate la kulia au la kushoto, upendavyo, lakini kwa kuku wote watatu likate la upande mmoja, ili baada ya miezi kadhaa usije ukasahau na kukata la pili.

Kuhusu maumivu: unyoya uliokwisha kukua ni kitu kikavu, hauna damu wala mishipa ya fahamu, na kuukata ni sawa na wewe kukata ukucha wako. Kinachomsumbua kuku ni kule kushikwa. Hatari iko kwenye unyoya unaoota. Unyoya mchanga hulishwa kwa damu inayopanda ndani ya mrija wake, na ukiukata huo, damu hutoka kwa wingi unaomtisha mtu asiyetarajia. Kuutambua si kazi kubwa: geuza bawa uliangalie kwa upande wa chini, kuelekea kwenye mwanga. Mrija wa unyoya mpevu ni mweupe, mkavu na mgumu, unapitisha mwanga. Wa unyoya mchanga ni mnene, una rangi ya zambarau au buluu iliyokoza, na shinani mara nyingi bado umevikwa kifuko chembamba kinachobanduka kama gamba. Kwa kuku mweusi inakubidi uwe mwangalifu zaidi, kwani mirija yake huwa na weusi wake wa asili na jicho linaweza kudanganyika. Ukikuta unyoya mchanga mmoja au miwili kati ya ile 10, iache mizima pamoja na unyoya mmoja wa kila upande ili iwe na ngao, kisha kata mengine. Ukikuta mingi ni michanga, mrudishe kuku bandani na usubiri wiki kadhaa.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri kumkata tetea au pora ambaye hajafikisha miezi 5. Katika umri huo kuku hubadilisha manyoya mara kwa mara, na utakachokikata leo kitang'oka na kuota upya kabla hujamaliza kuhesabu mwezi.

Wakati mzuri wa kuwakamata ni usiku, wakiwa wamelala, kwani kuku gizani haoni vizuri na hana mbio. Usiwakate usiku huohuo kwa mwanga wa tochi, maana mirija ya damu utaikosa. Watie kwenye tenga lenye nafasi, uwaache mpaka asubuhi kabla jua halijawa kali, na hasa miezi ya kaskazi, kwa sababu kuku hatoki jasho na akishikwashikwa kwenye joto huanza kuhema mdomo wazi. Ukimwona anahema hivyo, mwachie apumzike kivulini na apate maji kwanza.

Kazi ni ya watu wawili. Mmoja anamfunga kuku kwa kanga kuukuu, akimfunika kichwa na bawa lisilohusika, huku ameikamata miguu yote miwili kwa mkono mmoja na kumweka kuku mapajani. Hakuna kumning'iniza kwa mabawa, hata kwa dakika moja, kwani kiungo cha bawa huteguka. Mwingine anakunjua bawa na kuyatazama yale manyoya mafupi yanayofunika mashina ya yale marefu. Hayo mafupi ndiyo alama yako. Kwa mkasi mkali wa kushonea, uliosafishwa kwa spiriti au maji ya moto, kata unyoya mmoja mmoja kiasi cha upana wa vidole viwili nje ya mstari wa hayo mafupi. Usikaribie zaidi ya hapo, kwa sababu mbali na hatari ya damu, vibutu vilivyokatwa vifupi mno huwa na ncha kali zinazomchoma kuku ubavuni kila anapokunja bawa. Na usikate manyoya yote kwa mkupuo, kama mtu anayekata majani, kwani mkasi butu hulipasua shina la unyoya kwa urefu, na ule mpasuko unaweza kuteremka mpaka karibu na ngozi.

Damu ikitoka, usipaparike. Bandika unga wa ngano au wa muhogo kwenye mrija unaovuja, ubane kwa kitambaa safi kwa dakika 5 bila ya kuchungulia kila mara, kisha mtenge kuku huyo na wenzake mpaka pakauke, maana kuku wakiona damu humdonoa mwenzao bila huruma. Ikiwa haikatiki, mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye huenda akalazimika kuung'oa unyoya wenyewe kutoka shinani.

Kwa kuwa umeshawakamata, itumie nafasi. Chungulia chini ya bawa na kuzunguka mkundu uone kama wana utitiri au chawa. Tazama pia tarehe ya chanjo yao ya mwisho ya mdondo, ile ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Kama imepita, panga na afisa mifugo aje asubuhi hiyohiyo. Nimeshaona watu wanaohangaika wiki nzima kwa ajili ya kuku anayeruka ukuta, halafu mdondo unapita na kuufagia ua mzima. Na ikiwa afisa amekuja na chanjo ya ndui, ambayo hutiwa kwa sindano kwenye kile kiwambo chembamba cha ngozi ya bawa, mwache achanje lile bawa ambalo hukulikata, ili baada ya siku chache iwe rahisi kuangalia kama alama ya chanjo imetokea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu mimi ndilo zito kuliko mkasi. Kuku wako wanalala wapi? Bawa la kuku wa kienyeji lina kazi nyingine kubwa kuliko kuruka ukuta: ndilo linalompandisha mtini magharibi na kumwokoa na paka, ngawa na cheche. Mimi nilijifunza hili kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado nasoma skuli nilimkatia bibi yangu, kule Konde, kuku wake mmoja aliyekuwa akiingia jikoni na kupindua vyungu. Nilimkata mabawa yote mawili, karibu na ngozi, kwa mkasi wa kukatia karatasi, nikajiona fundi. Kuku yule alikuwa na desturi ya kulala juu ya mshelisheli. Jioni alisimama chini ya mti akainua shingo, akaruka, akaanguka. Akaruka tena, akaanguka, mpaka giza likaingia akajikunyata juu ya kuni zilizopangwa nyuma ya jiko. Asubuhi tulikuta manyoya tu. Bibi hakunigombeza, aliniambia tu niyaokote yote.

Kwa hiyo ikiwa kuku wako wanalala mtini au juu ya paa, usishike mkasi mpaka uwe na banda linalofungwa, lenye fito za kulalia zisizozidi kimo cha goti, ambazo kuku aliyekatwa anaweza kuzipanda kwa miguu, au lenye fito za juu zaidi zilizowekewa ubao wa mteremko kama ngazi. Wazoeshe kwanza kulala humo kwa kuwapa chakula cha jioni ndani ya banda kwa wiki mbili mfululizo. Tena wakishazoea kula bandani jioni, huenda nusu ya matatizo yako na jirani ikawa imekwisha.

Wako kuku wasiostahili kukatwa hata wakiwa wakorofi. Koo mwenye vifaranga aachwe, kwani anayahitaji manyoya hayo kuwafunika watoto wake usiku, na mchana anayahitaji zaidi anapomrukia kunguru au mwewe. Asiyeweza kujinyanyua hata shubiri mbili atawapoteza vifaranga mbele ya macho yake. Anayeatamia naye asisumbuliwe mpaka aangue. Mgonjwa aachwe apone. Kuku wa manyoya ya timutimu kwa kawaida hana haja ya kukatwa, kwani manyoya yake hayashiki upepo, na kuku wazito wa kizungu hata ukuta wa kimo cha kiuno huwashinda.

Ulisema awali kwamba watetea wanaoruka ni watatu kati ya wanane. Wakate hao watatu tu, au hata anza na mmoja. Kwa kawaida katika kundi huwa yuko kiongozi mmoja anayeanza, na wengine humfuata. Kaa barazani siku moja baada ya alasiri uwatazame: yupi anatangulia, anaondokea wapi, na anatua wapi. Jambo la mwisho ndilo muhimu. Kuku ni nadra kuuvuka ukuta kwa mruko mmoja. Hupanda kwanza juu yake, akasimama, akatazama, kisha akashukia upande wa pili. Na ili apande hutafuta ngazi, iwe ni rundo la kuni, pipa la maji, tofali zilizobaki za ujenzi au tawi la mpera lililoinama. Ukiiondoa ngazi hiyo, na juu ya ukuta ukasimamisha vijiti na kupitisha kipande cha nyavu kuukuu za wavuvi, chenye urefu wa dhiraa moja na kilicholegea, hatakuwa na mahali pa kutua, kwa sababu wavu uliolegea haumwonyeshi ukingo wa kusimamia. Hakikisha tu kwamba nyavu hizo zimefungwa vizuri upande wa chini, asije akanasa mguu au shingo. Kwa gharama ya nyavu ambazo mvuvi atakupa bure au kwa pesa ndogo, unaweza usiuhitaji mkasi kabisa.

Tuangalie pia wanachokifuata huko. Kuku hali karafuu. Anachokipenda ni lile jamvi lenyewe: lina joto, ni kavu, linaparurika, na chini yake kuna wadudu waliojificha kivuli. Kinachomuudhi jirani ni kinyesi na karafuu zilizotapanywa mchangani, naye ana haki ya kuudhika, kwani karafuu chafu haipokewi sawa na safi inapofikishwa kituoni kuuzwa. Basi muandalie kuku jamvi lake. Chagua kona yenye kivuli, mwaga humo mchanga mkavu na majivu kidogo wapate kuogea, na ufukie majani makavu na chicha za nazi ili wapate cha kuparua. Chicha peke yake inashibisha lakini haijengi mwili, kwa hiyo changanya na unga wa dagaa au mchwa kila unapoweza. Kuku aliyeshiba kwao hutembea kidogo.

Kwa muda huu ambao karafuu ziko juani, wafungie wale watatu bandani mpaka adhuhuri wakiwa na maji na chakula. Watetea wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo utapata faida ya pili: mayai yatakuwa kwako. Usishangae ukigundua kwamba mmoja wao alikuwa na kiota chake upande wa pili wa ukuta, na kwamba huko ndiko alikokuwa akikimbilia siku zote. Na mwendee jirani, mwambie umeanza kufanya nini na kwa nini unahitaji wiki mbili. Ukimtangulia wewe, sheha hatakuwa na la kusikiliza.

Kuhusu kutaga, manyoya hayana uhusiano na mayai. Hofu inao. Mtetea aliyekamatwa na kushikwashikwa anaweza kukosa yai moja au mawili, kisha akaendelea kama kawaida. Akikoma kwa siku nyingi, tafuta sababu nyingine: huenda anataka kuatamia, au anabadilisha manyoya.

Hapo kwenye kubadilisha manyoya ndipo kazi yako itakaporudi. Unyoya uliokatwa haurefuki kama ukucha. Kile kibutu kinabaki vilevile mpaka kuku anyonyoke, kiasi cha mara moja kwa mwaka, na mara nyingi baada ya kumaliza kulea vifaranga. Manyoya ya kurukia huanguka kwa zamu, kuanzia yaliyo jirani na ule unyoya mfupi wa mpakani na kuendelea kuelekea kwenye ncha, na kila mpya huchukua kiasi cha wiki 6 kukamilika. Wakati huo kuku huacha au hupunguza kutaga, kwani unyoya hujengwa kwa kitu kilekile anachokipata kwenye dagaa na mchwa. Usikate chochote mpaka manyoya yote mapya yawe yamekauka mirija. Na kwa vile unyoya mchanga unaochomoza kati ya vibutu hauna wenzake wa kuukinga, ondoa bandani misumari na ncha za seng'enge zinazoweza kuugonga na kuuvunja.

Wapo watakaokuambia uwafunge kamba. Ni kweli kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa kuku uliyemnunua jana sokoni ni njia ya kale inayoeleweka, ingawa kumfungia bandani wiki moja au mbili humzoesha kwa amani zaidi. Kwa wako, ambao ni wenyeji, kamba haifai. Huzunguka kwenye mti ikawaacha juani bila ya maji, na uzi mwembamba wa nailoni huweza kuuingia mguu mpaka ukavimba. Ikikulazimu kwa saa moja, tumia ukanda wa kitambaa cha kanga, tena uwe karibu.

Jimbi wako muache na mabawa yake yote mawili. Huyo huyahitaji kushika mizani anapompanda mtetea, na kwa maelezo yako yeye ukuta hauruki. Akibaki uani na akapata pa kuparua, anapowaita watetea kwa kile kidoko chake cha chakula, kuna watakaorudi wenyewe.